Uchongaji wa kisasa wa India: uanze na Ramkinkar, Roy Chowdhury, Meera Mukherjee au nani?

Ukitaka kuujua uchongaji wa kisasa wa India, usianze na historia nzima toka shule za wakoloni mpaka leo, utachoka kabla hujafika popote na majina ya Kibengali yatakuchanganya. Chagua mtu mmoja umsome mpaka umwelewe, afu wengine watakuja wenyewe maana hawa watu wamefungamana sana, huyu ni mwanafunzi wa yule, yule kafundisha chuo kimoja na huyu. Kazi ni kumchagua huyo wa kwanza, na hapo wengi wanakimbilia mwenye jina kubwa au mwenye sanamu refu kuliko zote. Mi hapa nawapanga wawili wawili, na ninachoangalia zaidi ni malighafi, yaani mtu alifanya kazi na nini na kwa nini, maana kwa India mabadiliko makubwa yalianzia kwenye malighafi kuliko kwenye mitindo. Aliyekosa hela ya shaba akachukua saruji, aliyesomeshwa Ulaya akarudi kujifunza kwa mafundi wa kijijini, aliyesomea kupaka rangi akaishia kufunga mafundo ya kamba.

Kidogo tu kuhusu kilichokuwepo kabla. Waingereza walifungua shule za sanaa Madras (sasa Chennai) 1850, Calcutta (sasa Kolkata) 1854 na Bombay (sasa Mumbai) 1857, na huko uchongaji ulikuwa ni kukopi sanamu za plasta za Kigiriki na kufinyanga vichwa vya wakubwa vifanane na wenyewe. Sio kwamba watu hawakujua kazi. G.K. Mhatre wa Bombay alifinyanga binti anayekwenda hekaluni mwaka 1896 akiwa bado kijana wa shule, na ile sari ya plasta ukiiangalia unatamani uishike. V.P. Karmarkar akafanya mfalme Shivaji juu ya farasi kwa ajili ya mji wa Pune, 1928. Kazi safi kabisa, ila kanuni zote za Ulaya. Tuachane nazo.

Roy Chowdhury au Ramkinkar?

Huu ndo ulinganisho mtamu kuliko yote, na kama una muda wa mmoja tu soma huu. Devi Prasad Roy Chowdhury kazaliwa 1899, Ramkinkar Baij 1906, wote Wabengali, na miaka ya 50 kila mmoja alimaliza sanamu kubwa ya nje inayohusu wafanyakazi. Ya Ramkinkar, Mlio wa Kiwanda, ni ya 1956, iko Santiniketan, mji mdogo wa chuo huko Bengal. Ya Roy Chowdhury, Ushindi wa Kazi, iliwekwa ufukwe wa Marina mjini Chennai Januari 1959. Mada ileile, miaka ileile, na huwezi amini kama zimetoka nchi moja.

Roy Chowdhury alikuwa mtoto wa familia ya wenye ardhi, akaja kuwa Mhindi wa kwanza kuongoza ile shule ya sanaa ya Madras, akakaa hapo toka 1929 mpaka karibu mwisho wa miaka ya 50. Sanamu yake ni wanaume wanne wanahangaika kuling'oa jabali. Shaba tupu. Miili yao imejikunja na kujinyoosha kwa pamoja, misuli ya mgongo imetuna, mishipa imesimama, ukizunguka nyuma unaona kila mmoja nguvu yake inatokea sehemu tofauti, mwingine mapajani, mwingine mabegani. Mtu anaujua mwili wa binadamu jamani. Na wewe hata kama hujawahi kusikia habari za sanaa unaelewa papo hapo hawa wanafanya nini, hamna haja ya kuelezwa. Ndo maana serikali ilimpenda, akapewa kazi ya mashujaa wa Patna, na ile ya Delhi ya watu 11, Gandhi mbele na wenzake nyuma wakiandamana kwenda kuchukua chumvi. Waliowahi kushika noti ya zamani ya rupia 500, ile iliyofutwa 2016, mchoro wa nyuma ya noti ulikuwa huo huo.

Sasa Ramkinkar. Huyu katokea familia ya kawaida sana huko Bankura, utotoni kaokota ufundi kwa wafinyanzi wa sanamu za miungu wa mtaani kwao, ujana wake anachora picha za wapigania uhuru, mwaka 1925 akapelekwa Santiniketan kwenye chuo cha mshairi Rabindranath Tagore na hakuondoka tena. Mwaka 1938 akasimamisha Familia ya Wasanthal. Hakuna aliyemuagiza, hakuna tajiri aliyelipa, na hela ya kusubu shaba, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, hana. Akasuka fremu ya nondo, akachanganya saruji na vile vijiwe vyekundu vya eneo lile, moramu kabisa hii hii tunayomwaga barabarani, akawa anaurusha ule mchanganyiko kwa mkono kwenye fremu mpaka watu wakatokea. Sio kupaka, KURUSHA, ndo maana uso wa sanamu una mabonge na mashimo, na rangi yake ni ya ardhi ya palepale.

Angalia waliomo. Mwanaume kabeba mzegamzega begani, kwenye kapu kuna mtoto amekaa, mke pembeni na mtoto mwingine kiunoni, mbwa anawafuata. Ni familia inayohama na kila ilichonacho. Wasanthal ni wenyeji wa maeneo yale, vibarua wa mashamba na viwanda, watu ambao mpaka siku hiyo hakuna aliyewaza kuwawekea sanamu, kwa sababu sanamu ya mjini ilikuwa ya gavana au mfalme tena juu ya jiwe refu. Ramkinkar akawaweka wakubwa kuliko watu wa kawaida na akawapa kitako kifupi sana, kwa hiyo ukisimama pale ni kama unapishana nao njiani. Wengi wanaihesabu kuwa ndo sanamu ya kwanza ya kisasa ya wazi kwa umma India nzima na mi sina ubishi.

Ile Mlio wa Kiwanda ni wanawake wawili wanakimbilia kazini baada ya kusikia king'ora, nguo walizofua wamezishika zinakauka kwa upepo hukohuko njiani, kijana yuko nyuma. Hapo hamna misuli ya kuonyesha, kuna upepo. Saruji inapepea! Nimejaribu kuelewa saruji inapepeaje na jibu ni kwamba hakuilainisha, ile rasharasha ya kokoto inavunja mwanga vipandevipande, jicho linadhani kitu kinatembea.

Kwa hiyo uchague nani? Kama unafinyanga na bado mkono wako haujakaa sawa kwenye mwili wa binadamu, nenda kwa Roy Chowdhury, mkopi hata mwaka mzima. Kama unataka kazi za kuagizwa, mnara wa mashujaa, sanamu ya mwanzilishi wa shule, pia ni yeye, maana alijua kumridhisha mteja bila kuharibu kazi. Ila kama uko Morogoro au Kisumu, huna pa kusubia shaba, una nondo na mfuko wa saruji, basi mwalimu wako ni Ramkinkar na hamna wa kulinganisha. Tahadhari moja tu, usiige ule ukwaru ukadhani ndo siri. Ndani ya ule ukwaru mizani iko sawa kabisa, uzito wa yule mama na mtoto kiunoni umekaa panapotakiwa. Watu wanarusha saruji hovyo afu wanasema ni usasa.

Na asikudanganye mtu kwamba hakuweza kuchonga jiwe. Yale majitu mawili mbele ya Benki Kuu ya India pale Delhi, Yaksha na Yakshi, walinzi wa mali kwenye imani za kale, ni ya kwake, yalimchukua zaidi ya miaka 10. Yaksha kashika mfuko wa hela, Yakshi kashika mazao, na yule Yakshi kwa kuwa yuko uchi kelele zilipigwa sana. Mi binafsi naziona nzito, kama mtu aliyevalishwa suti.

Meera Mukherjee au Somnath Hore?

Hapa wote ni shaba, wote ni nta, na bado ni mbingu na ardhi. Kwa wasiojua, njia yenyewe ni hii: unatengeneza umbo kwa nta, unalifunika kwa udongo, unachoma, nta inayeyuka inatoka, unamimina shaba kwenye nafasi iliyobaki. India wanaijua toka maelfu ya miaka.

Meera kazaliwa 1923, kapata nafasi ya kusoma Munich, Ujerumani, kuanzia 1953 mpaka 1956. Karudi na ujuzi wa Kizungu ambao mwingine angeutumia kutamba Calcutta mpaka anazeeka. Yeye akaenda Bastar, katikati ya India, kukaa na mafundi wa jadi wanaosubu vinyago vya miungu na taa, akawa mwanafunzi wao. Mafundi wale hawachongi bonge la nta, wanatengeneza kiini cha udongo halafu wanakizungushia nyuzi nyembamba za nta moja baada ya nyingine mpaka zimekifunika. Meera akaichukua njia hiyo ya vitu vya kubeba mkononi akaikuza mpaka kwenye sanamu kubwa kuliko mtu. Ukisogea karibu na kazi yake unaona zile nyuzi zimegeuka shaba, mistari inatambaa mwili mzima, mgongo wa mvuvi una michirizi kama maji yenyewe anayopiga kasia. Kubwa kuliko zote ni mfalme Ashoka baada ya vita vya Kalinga, iko kwenye hoteli ya Maurya, Delhi, urefu zaidi ya mita 3, ilisubiwa vipande vipande vikaunganishwa. Ila mimi napenda zaidi zile ndogo za mafundi, wasukaji, abiria wamebanana kwenye basi. Kazunguka India nzima akihojiana na mafundi wa metali na akaandika kitabu juu yao, kwa hiyo ukimsoma yeye unawapata na wao, bei ya mmoja.

Somnath Hore ni kitu kingine. Kazaliwa Chittagong 1921, njaa ya Bengal ya 1943 ilimkuta kijana, njaa iliyoua watu wanaokadiriwa milioni 3, na yeye kazi yake ilikuwa kuzunguka kuwachora wanaokufa kwa ajili ya gazeti la chama cha kikomunisti. Hakupona kutoka pale. Miaka mingi alikuwa mchapaji wa picha, shaba kaanza akiwa na zaidi ya miaka 50, na kazi zake nyingi unaweza kuzibeba kwa mkono mmoja. Anachukua shiti nyembamba za nta, anazikata, anazichana, anazichoma kwa chuma cha moto, anazikunja kidogo ziwe mtu, ndo anasubu. Mbuzi aliyekonda, mama na mtoto, mtu ambaye tumbo lake ni tundu. Ngozi ya shaba imepasuka pasuka na hajaificha mipasuko. Kabla ya hapo alikuwa na mfululizo wa karatasi nyeupe tupu aliouita Majeraha, hamna wino, ni mikato tu kwenye karatasi nyeupe, nadhani ndo kazi kali kuliko zote alizofanya japo sio sanamu kabisa. Sanamu yake kubwa ya mama na mtoto aliyoifanya kwa heshima ya watu wa Vietnam iliibiwa chuoni Santiniketan mwaka 1977 muda mfupi tu baada ya kuimaliza, na haijaonekana tena.

Kuchagua hapa ni rahisi. Ukiwa na kundi, mafundi wenzako, sehemu ya kuchimba tanuru na subira ya kuzungusha nyuzi za nta wiki nzima, ni Meera. Ukiwa peke yako chumba kimoja na una jambo moja linalokuuma unalotaka kulisema mpaka mwisho, ni Hore. Mtu wa furaha asianze na Hore, nasema ukweli, ukiangalia kazi 20 zake mfululizo chakula hakishuki. Na kwa wale wanaofanya kazi na mafundi wa jadi huku kwetu, Meera anakuonyesha namna ya kukaa mwanafunzi kwao badala ya kwenda kuwapiga picha na kuchukua michoro yao.

Mrinalini Mukherjee au Subodh Gupta?

Kwa wale wanaotaka mambo ya karibuni. Mrinalini (1949–2015) hana udugu na Meera japo jina moja, ni binti wa wasanii wawili, baba mchoraji Benode Behari, mama Leela mchongaji wa mbao. Kasoma chuo cha Baroda chini ya msanii K.G. Subramanyan, na kuanzia miaka ya 70 akaamua malighafi yake ni kamba za hempu. Anazitia rangi, zambarau iliyoiva, manjano, nyekundu ya damu, anafunga fundo moja baada ya jingine kwa mkono bila mchoro wa kufuatisha mpaka kitu kinasimama kirefu kuliko wewe, nusu mungu nusu ua. Sanamu moja ilikuwa inaweza kula mwaka. Watu walikuwa wanasema hizo ni kazi za mikono, sio uchongaji, na yeye akaendelea tu, mwisho akahamia udongo na shaba. Maonyesho yake makubwa ya maisha yalifunguliwa Delhi Januari 2015, akafariki ndani ya wiki moja. Miaka minne baadaye New York wakamuonyesha kwenye makumbusho ya Met Breuer na ghafla kila mtu anamjua.

Subodh Gupta, kazaliwa 1964 Bihar, yeye ni masufuria. Vyombo vya stili vya jikoni, ndoo, sahani, vile vibeba chakula vya kupandana, anavikusanya kwa maelfu. Fuvu kubwa la 2006 lililosimama Venice mwaka uliofuata, na wingu la bomu la nyuklia la 2008 ambalo sasa ni mali ya Kiran Nadar Museum, Delhi. Inang'aa, inapigika picha vizuri, ujumbe unaupata ndani ya sekunde tano. Baada ya sekunde ya sita sina uhakika umebaki na nini. Wapo watakaonipinga na sawa tu, mwalimu wa shule anayetaka kuwavutia wanafunzi wa sekondari aanze na Gupta maana wataelewa mara moja kwamba sufuria la mama linaweza kuwa sanamu. Mwingine yeyote namwambia Mrinalini.

Na Baroda je?

Baroda, Vadodara kwa jina la sasa, sio mtu ila inabidi itajwe maana kitivo chake cha sanaa kilichoanza 1950 ndo kimezalisha nusu ya majina ya baadaye. Aliyeijenga idara ya uchongaji ni Sankho Chaudhuri, mwanafunzi wa Ramkinkar, mtu wa maumbo laini ya jiwe, mbao na metali. Na hapa kuna kamba inayotufikia sisi moja kwa moja, huyu Sankho mwaka 1980 alikuja kuwa profesa wa sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yaani kuna watu Mlimani walikuwa hatua moja tu kutoka kwa Ramkinkar. Kati ya waliotoka Baroda, mpenda jiwe amtafute Nagji Patel, mfinyanzi amtafute Himmat Shah na vichwa vyake vya udongo wa kuchoma, virefu, macho hamna, na bado vinakutazama.

Yule bwana wa mita 182 pale mto Narmada, sanamu ya mwanasiasa Vallabhbhai Patel ya 2018 iliyosanifiwa na Ram Sutar, simuweki kwenye mashindano. Bamba zake za shaba zilisubiwa China, na kinachoshangaza pale ni uhandisi. Kama umefika Gujarat kaione, ila usidhani umeuona uchongaji wa India.

Unapita wapi?

Hili nalo linaamua maana wengi wetu India tunaenda kwa matibabu au shule, sio kuzurura. Ukiwa Chennai unamsindikiza mgonjwa, chukua bajaji jioni mpaka Marina ukawaone wale wanaume wanne, afu siku nyingine fika Cholamandal, kijiji cha wasanii kilichoanzishwa 1966 kusini mwa mji, uone kazi za P.V. Janakiram na S. Nandagopal, wale wa kufua mabati ya shaba kwa nyundo. Mtu anayejua kazi za mafundi bati wa kwetu pale atakaa muda mrefu. Ukiwa Delhi una bahati, ndani ya siku moja unapata Yaksha na Yakshi kwa nje, Ashoka wa Meera hotelini, wale 11 wa Gandhi hapo jirani tu na hoteli, na makumbusho ya taifa ya sanaa za kisasa karibu na India Gate, ila Jumatatu wanafunga.

Wa Ramkinkar inabidi apande treni, Kolkata mpaka Bolpur ni kama masaa matatu, halafu bajaji mpaka Santiniketan. Sehemu yenyewe UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2023 kwa hiyo utaratibu wa wageni umebana kidogo, ulizia getini kwanza kabla hujamlipa dereva akuache. Na usiende Jumatano, huko mapumziko ya wiki toka enzi za Tagore ni Jumatano, Jumapili watu wako darasani.